Asiyeona mlimani hakosi macho, anakosa mwongozaji

Juni 2024 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ilitangaza kwamba kupanda ukuta kwa watu wenye ulemavu kutaingia katika michezo ya Los Angeles ya Agosti 2028, kwa mara ya kwanza tangu michezo hiyo ianze. Mchezo huu una madaraja ya wasioona. Katika daraja la B1, la wasioona kabisa, kila mshindani hufungwa kitambaa machoni ili asiwepo anayemzidi mwenzake kwa mwanga hata kidogo. Tangu hapo video za vipofu wakiwa juu ya kuta zinapita kwenye simu zetu Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, na maneno yanayofuatana nazo ni ya aina mbili. Wengine wanasema ni muujiza, Mungu amempa yule mtu macho ya ndani. Wengine wanasema hayo ni mambo ya Wazungu. Kwetu kipofu akifika sokoni salama ashukuru. Wanaosifu na wanaobeza hudhani wanapingana, kumbe wameshikilia wazo lile lile: kwamba siri yote iko kwa yule anayepanda.

Siri haiko hapo. Irudie video hiyo, na safari hii muache aliye ukutani, umtafute aliyesimama chini na redio mdomoni. Yeye ndiye anayesema mkono uende wapi na kwa umbali gani, na ndiye anayejua wakati wa kunyamaza. Asiyeona anayefurahia mlima si mtu wa ajabu. Ni mtu aliyepata mwongozaji aliyefundishwa. Kupanda kwake ni ufundi, na nusu ya ufundi huo umo mdomoni na mikononi mwa mwenzake. Sisi tunaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo tuna karibu vifaa vyote vinavyohitajika. Tusichokuwa nacho ni watu waliojifunza kuongoza, na maneno ya kuongozea ambayo wote wameyakubali. Pengo hilo Goma ililipa bei yake Mei 2021, volkano ilipolipuka, ingawa wachache waliliita kwa jina hilo.

Kwanza tuone mambo yalikotoka. Erik Weihenmayer, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa kijana, alifika kilele cha Everest tarehe 25 Mei 2001, wa kwanza asiyeona kufika huko. Mbinu yake kubwa kwenye njia za mlima ilikuwa rahisi: mwenzake anatangulia na kengele ndogo inayolia kwa kila hatua, naye anafuata mlio huku fimbo mbili ndefu zikipima ardhi mbele ya miguu. Mwaka 2017 Andy Holzer wa Austria alikifikia kilele hicho kwa upande wa Tibet, na tarehe 24 Mei 2021 akafika Zhang Hong wa China kwa upande wa Nepal, akiwa na waongozaji watatu. Kwenye mwamba mtupu, Mwingereza Jesse Dufton alipanda mwaka 2019 nguzo ya mawe iitwayo Old Man of Hoy huko Scotland, yenye urefu wa mita 137. Alitangulia mbele ya kamba na kuweka mwenyewe vishikizo vya usalama katika nyufa, huku mwenzake Molly akimsemesha kwa redio kutoka chini. Watu hawa wanne wametofautiana katika mengi, ila hakuna hata mmoja wao aliyepanda peke yake.

Kengele ni nzuri kwenye theluji na kwenye njia pana. Kwenye mawe yetu haitoshi. Lava iliyopoa haina kipimo: jiwe moja ni la kifundo cha mguu, linalofuata ni la goti, la tatu linacheza ukilikanyaga. Kengele inamwambia mtu aliko mwenzake, haimwambii jiwe lina urefu gani. Kwa ardhi ya namna hii waongozaji wa milima ya Ufaransa na Italia hutumia upau mrefu mwepesi unaoshikwa na mtu wa mbele, asiyeona, na mara nyingi mtu wa tatu nyuma. Mtu wa mbele akipanda jiwe, ncha ya upau inapanda, na mkono wa asiyeona unapata habari hatua mbili kabla ya mguu wake kulifikia. Akishuka, upau unashuka; akikata kuume, upau unavuta kuume. Hakuna neno lililosemwa, na maneno yanabaki kwa yale tu ambayo upau hauwezi kuyasema.

Msomaji wa Goma ameshakiona kifaa hicho maisha yake yote. Katika mitaa ya Birere au Majengo, mtoto anatangulia ameshika ncha ya fimbo, na nyuma yake anakuja babu au mama asiyeona ameshika ncha nyingine. Fimbo ile na upau wa Ufaransa ni kitu kimoja, ila yetu imebaki kuwa fimbo ya ombaomba, na mtoto anayeivuta angepaswa kuwa darasani. Kasoro zake pia zinajulikana. Kwa kawaida ni fupi, kama mita moja, basi asiyeona anapiga visigino vya mtoto au anapata habari wakati mguu umeshajikwaa. Mtoto anavuta, na kumbe anayeongoza hapaswi kuvuta. Anapaswa kutembea tu, fimbo iseme yenyewe. Tena mtoto hutazama njia ya mwili wake mwenyewe, hakumbuki kwamba anayemfuata ni mrefu kumzidi kwa nusu mita na kwamba tawi lililopita juu ya kichwa chake litampiga mwenzake usoni.

Upau wa mlimani unaweza kukatwa hapa hapa, kwa mwanzi. Chagua mwanzi mkavu wenye unene wa sentimita tatu hadi nne na urefu wa mita mbili na nusu. Mwanzi mbichi au mwembamba unapinda, na ukipinda unachelewesha habari au unaleta ya uongo: ncha ya mbele imepanda, ya nyuma bado. Lainisha ncha kwa msasa, kisha zungushia kila moja mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki ili usiteleze kwenye jasho na mvua. Unashikwa kwa mkono mmoja ulioning'inia kando ya nyonga. Mkono wa pili wa asiyeona unashika fimbo ya kutembelea. Usielekeze ncha tumboni mwa mtu, maana anayeanguka mbele ataiangukia. Kwenye kona mwanzi hufanya kama lori refu ambalo magurudumu ya nyuma hukata ndani. Mwongozaji asipozunguka kwa upana na kusubiri, anayemfuata atatoka njiani upande wa ndani wa kona, na mara nyingi huko ndiko kwenye mtaro. Kwenye mteremko mwongozaji hasimami ghafla, maana uzito wote wa nyuma unamjia kupitia mwanzi. Mtu akianguka, wote wanauachia. Mwanzi unaleta habari tu, hauwezi kumzuia anayeanguka. Palipo na bonde la kweli inafungwa kamba, na pasipo na kamba hapapitwi.

Tatizo ambalo halijafikiriwa kabisa ni la lugha, na hapa hatuwezi kuazima kutoka popote. Waongozaji wengi duniani hutumia uso wa saa: kumi na mbili ni juu au mbele, tatu ni kuume, sita ni chini au nyuma, tisa ni kushoto. Ukiuleta mfumo huo katika Kiswahili bila kufikiri, unamtega mwenzako. Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa tatu ya asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa, upande wa kushoto. Saa sita mshale uko juu kabisa. Mwongozaji akisema "shikizo saa tatu" akifikiria namba iliyoandikwa, anamaanisha kuume. Anayesikia akifikiria saa anayoishi nayo, mkono wake unakwenda kushoto. Tofauti ni ya saa sita kamili, na saa sita ni nusu ya duara, maana yake kila agizo linageuka kinyume chake. Pengine asiyeona ni mtu ambaye hajawahi kuuona uso wa saa, na simu yake inamsomea saa kwa Kifaransa. Kwa hiyo katika Kiswahili saa iachwe kabisa.

Badala yake tuna vipimo ambavyo wazee walivitumia kabla ya mita kufika, na vyote vimo mwilini mwa anayepanda. Wanda ni upana wa kidole. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Asiyeona akiambiwa "sentimita hamsini" lazima ahesabu kichwani. Akiambiwa "dhiraa moja juu ya bega la kuume" mkono wake unakwenda wenyewe. Mwongozaji ajue tu kwamba anapima kwa mkono wa mwenzake na si wake, na kabla ya kuanza walinganishe: weka kiganja changu na chako, shibiri yako ni fupi kuliko yangu kwa wanda mbili. Kulinganisha huko ni kazi ya dakika moja.

Yapo pia maneno ya kufukuza. Shika na shuka yametengana kwa irabu moja tu. Kwenye upepo, mita kumi juu ya ardhi, moja linamwambia mtu ang'ang'anie na lingine linamwambia aachie mwili uende chini. Tuseme "kamata" na "teremka", hayafanani hata kwa kelele. Kuume na kushoto yanaanza kwa silabi ile ile, na upepo ukimeza mwisho anayesikiliza anabaki na "ku" isiyo na upande. Ni afadhali kusema "kuume" na "shoto" tu. "Simama" libaki amri moja isiyotumika kwa kitu kingine chochote, na atakayelisema kwa mzaha apumzishwe kuongoza siku hiyo. Agizo linakuja kabla ya hatua, kwa utaratibu mmoja: kwanza kitu, kisha upande, kisha kipimo. "Papa, jiwe, kuume, goti." "Mama, tawi, kichwa." Maneno kama "angalia hapo" au "kuna kitu" yanamtia mtu hofu na hayampi habari. Tena pawe na msemaji mmoja tu. Hilo katika mji wetu ni gumu kuliko kamba, maana hakuna mahali Goma ambapo mtu atajaribu jambo geni bila watoto thelathini kukusanyika na kila mmoja kutoa ushauri wake. Mtu mmoja wa kundi apewe kazi ya kuwatuliza, na kazi hiyo ihesabiwe kama kazi ya usalama.

Kwenye kamba mambo ni machache na yanashikika. Mwanzoni kamba ipite juu, kwenye nanga mbili zinazojitegemea, ili anayeteleza aning'inie pale pale. Fundo la nane linalounganisha kamba na bodriye, yaani mikanda anayovaa mpandaji, ndilo rafiki mkubwa wa asiyeona, kwa sababu linakaguliwa kwa vidole: unahesabu nyuzi zinazolala wawili wawili, na lazima zitimie jozi tano, kisha mkia unaobaki usipungue upana wa kiganja. Anayeona hulitupia fundo jicho na kusema liko sawa. Asiyeona hulipitia lote, kila mara. Anayeshika kamba na anayesema wawe watu wawili, sababu mtu anayetafuta maneno husahau mikono yake. Asiyeona mwenyewe anaweza kumshikia kamba mwenzake, kwani kamba inasema kwa uzito: ikilegea mwenzako amepanda, ikikaza ameketi. Katika mji wetu asiyeona amezoeshwa kubebwa. Siku anapokuwa yeye ndiye aliyeshika uhai wa anayeona, watu wote wawili wanajifunza jambo ambalo hotuba haifundishi.

Sasa hoja za wanaopinga. Ya kwanza ni hatari, na ni hoja ya haki. Desemba 2017 serikali ya Nepal iliweka kanuni ya kuwazuia wasioona, pamoja na waliokatwa miguu yote miwili, kupanda milima yake mikubwa ikiwemo Everest, kwa madai ya kupunguza vifo. Machi 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaisimamisha kanuni hiyo, na miaka mitatu baadaye Zhang Hong akapanda kwa njia hiyo hiyo ya Nepal. Kosa la kanuni lilikuwa kupima hatari kwa hali ya mwili wa mtu bila kuuliza ameandaliwa vipi na anaongozana na nani. Hata hivyo sitasema hatari ni sawa kwa wote. Mahali ambapo mawe huporomoka, anayeona huruka pembeni kwa nusu sekunde, na asiyeona hana nusu sekunde hiyo. Sehemu kama hizo zikwepwe, au zipitwe alfajiri kabla ya jua kulegeza mawe. Kuna na jambo la daktari ambalo watu hulisahau. Aliyefanyiwa upasuaji wa retina na kuwekewa kiputo cha gesi ndani ya jicho haruhusiwi kupanda juu hadi gesi iishe, kwa kuwa hewa ikipungua nje gesi hutanuka ndani ya jicho na kulibana. Katika mita 3,470 za ukingo wa Nyiragongo, mgandamizo wa hewa ni kama theluthi mbili ya ule wa pwani. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu huko juu humpata yeyote, na dawa yake ni kushuka.

Ila wanaosema "hatari" huwa wanadhani kwamba macho ndiyo yanayolinda, na watu wa Goma wanajua si hivyo. Sisi tuna mazuku. Hewa ya kabonidioksidi inatoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inajikusanya katika mabonde madogo upande wa barabara ya Sake, hasa usiku na alfajiri kabla ya upepo na jua kuitawanya. Haina rangi. Mbuzi anaingia na hatoki, na mwenye mbuzi anayemfuata naye hatoki. Mwenye macho mazuri kuliko wote katika mji huu haioni mazuku. Inayomlinda ni habari: ameambiwa na wakazi pale ni pabaya, akazunguka. Asiyeona anaishi kwa ulinzi wa namna hiyo kila siku, na mlima unaomtaka mtu asikilize wenyeji kabla ya kukanyaga haumnyimi yeye kitu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa kujiamini zaidi: apande, halafu huko juu ataona nini? Mwenye kuuliza hivyo hajaupanda Nyiragongo, au alipanda na macho tu. Kutoka Kibati, chini ya mlima, hadi ukingoni ni kama kilomita nane na zaidi ya mita 1,400 za kupanda, kwa saa nne hadi sita. Njia inaanza msituni, hewa ni nzito na ndege wanasikika kila upande. Kisha unyayo unabadilika, lava ya 2002 inalia chini ya buti kama vigae vilivyovunjika. Juu zaidi miti inafupika na upepo, uliokuwa ukipita juu ya vichwa, unashuka usoni. Jasho linageuka baridi ndani ya dakika chache. Kwenye ukingo, joto linakupiga upande mmoja wa mwili na baridi upande mwingine, kiberiti kinauma koo, na ziwa la moto linaponguruma chini ya shimo lenye upana wa zaidi ya kilomita moja, mngurumo unafika kifuani kabla ya masikioni. Mara ngapi watalii wenye macho walifika pale wakakuta ukungu mweupe, wakarudi wakisema hawakuona kitu? Asiyeona hategemei ukungu uondoke. Aliyewahi kusimama ukingoni usiku wa mawingu anajua kwamba picha ni sehemu ndogo ya mahali pale.

Hoja ya tatu ni nzito na naiheshimu: nchi iko vitani, watu wamelala chini ya mahema, nani ana nafasi ya kufikiria starehe ya kipofu? Nyiragongo yenyewe ilifungwa kwa watalii baada ya mlipuko wa 22 Mei 2021, na mapigano yamefunga njia nyingi za hifadhi za Virunga na Kahuzi-Biega. Nje ya njia zilizokanyagwa kunaweza kulala mabomu ambayo hayajalipuka, na hilo ni marufuku kwa wote, waonao na wasioona. Basi simwambii mtu aende Kahuzi wiki ijayo. Lakini wazo kwamba furaha isubiri amani halijawahi kutumika kwa wanaoona. Mpira unachezwa Goma, watu wanaoga ziwani, harusi zinafungwa. Ni kwa mlemavu tu ndipo tunapokumbuka kwamba kuna vita. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu haki za watu wanaoishi na ulemavu ipo, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 2015 unataja michezo na burudani katika kifungu cha 30 kama haki kamili, bila kuiweka nyuma ya haki nyingine.

Tena vita na volkano ndivyo vinavyoufanya ufundi huu kuwa wa lazima. Jumamosi ile ya 22 Mei 2021 jioni, mlima ulipopasuka na lava kushuka hadi Buhene, kando ya mji, kila asiyeona wa Goma aligeuka kuwa mpanda mlima, apende asipende. Ilibidi atembee usiku, katika umati, juu ya mawe, kwa njia asiyoizoea, ameshika shati la mtu anayekimbia. Siku mbili baadaye, asiyeona mwingine alisimama juu ya Everest. Siku tatu baada ya hapo, tarehe 27, kartie kumi, yaani mitaa, za mji zikaamriwa kuondoka, na watu wakashika barabara ya Sake na ya Rwanda. Zhang Hong alikuwa na waongozaji watatu waliofundishwa. Wasioona wa Goma walikuwa na jamaa waliowapenda na wasiojua waanzie wapi: wapi pa kumshika, wamwambie nini, wamwachie nani wakati wa kubeba mtoto. Upendo ulikuwepo wa kutosha. Kilichokosekana ni mazoezi ya siku chache.

Kwa hiyo ningependa atakayetaka kuanzisha mchezo huu hapa asianze na kilele. Mwaka 2004 vijana sita wasioona wa Tibet walipelekwa kwenye mlima Lhakpa Ri wenye mita 7,045, na hawakufika juu. Mjadala uliofuata ulikuwa mzuri: kilele kilikuwa haja ya nani, ya vijana au ya waliowapeleka? Swali hilo liulizwe hapa mapema. Anayetaka kutembea saa moja juu ya lava ya kando ya mji, aketi, ale muhogo wake, arudi, amefanya mlima wake. Furaha haidai kibali cha rekodi wala cha picha.

Waanze waongozaji: vijana wa skauti, waokoaji wa kujitolea, walinzi wa hifadhi ambao kwa sasa njia zao zimefungwa. Siku ya kwanza mwongozaji afungwe yeye kitambaa na kupelekwa mita mia mbili kwa mwanzi kwenye mawe; atajifunza kwa miguu yake kwa nini fimbo fupi ni mbaya. Siku ya pili maneno tu, bila mwanzi, uwanjani, hadi "kamata" na "teremka" yatoke bila kufikiri. Siku ya tatu vyote viwili, na asiyeona awe ndiye anayesahihisha. Katika Bukavu vichochoro vya mteremko vya Kadutu vinatosha kabisa, hasa baada ya mvua, kwa kujifunza kushuka kwenye matope. Siku ya nne iwe usiku. Waongozaji wabadilishane kila nusu saa, kwani anayesema mfululizo huchoka kabla ya miguu yake na kuanza kuruka mawe katika maelezo. Muda wa njia uhesabiwe mara mbili ya ule wa waonao, na sehemu kubwa ya muda huo iwekwe kwenye kushuka. Glavu za ngozi ni lazima. Kwenye lava anayeanguka hutanguliza viganja, na kiganja kilichochanika kwa asiyeona ni sawa na jicho lililozibwa kwa wiki mbili.

Siku ya mwisho ya mazoezi iwe ya umati. Watu ishirini wabebe mizigo, wapige kelele, wakatize mbele na nyuma, na mwanzi ushikwe kwa kifupi, mita moja kati ya mikono, ili usinase miguu ya wengine. Mazoezi yakiisha kila familia irudi nyumbani na mwanzi wake, uwekwe nyuma ya mlango, na kila mtu wa nyumba, hata mtoto wa miaka kumi, awe ameshaushika ncha zote mbili.